Kamera isiyo na kioo au kamera ya mfukoni: hatua za kuamua kabla hujatoa pesa

Kazi yangu ni picha za harusi na sherehe Dar es Salaam, na siku zisizo na kazi hutembea mitaani na kamera ndogo ya mfukoni. Kwa hiyo aina zote mbili ziko mikononi mwangu kila wakati, na vijana wanaoanza huniuliza swali lile lile: ninunue ipi?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kamera isiyo na kioo inunuliwe na mtu ambaye tayari anajua atanunua lenzi ya pili. Asiye na mpango huo atanufaika zaidi na kamera nzuri ya mfukoni, na sababu nitaionyesha kwa hesabu kwenye hatua ya tatu.

Kamera isiyo na kioo (mirrorless) ni ile inayobadilishwa lenzi kama DSLR, zile kamera kubwa za wapiga picha, ila ndani yake hakuna kile kioo kinachoelekeza taswira juu kwenye kitazamio, yaani tundu la kuchungulia. Panasonic walifungua njia na Lumix G1 mwaka 2008. Sony wakaja na mfumo wa E mwaka 2010, Fujifilm na X mwaka 2012, kisha Canon na RF na Nikon na Z, zote mbili mwaka 2018. Kamera ya mfukoni lenzi yake haitoki. Ukiizima, nyingi huivuta lenzi ndani na bodi nzima inaingia mfukoni.

Hatua ya 1: Fungua picha zilizomo kwenye simu yako

Usianze dukani. Pitia picha ulizopiga miezi ya karibuni, uchague kama thelathini unazozipenda kweli. Kwa kila moja andika: ilikuwa ndani au nje? Mchana au usiku? Mtu alikuwa karibu au mbali? Ametulia, anacheza au anakimbia?

Halafu fungua maelezo ya picha zilizopigwa ndani au usiku, utazame namba ya ISO, yaani kiasi ambacho kamera imeongeza usikivu wake kwa mwanga; ikipanda sana picha hujaa chengachenga. Juani simu hukaa kwenye ISO ndogo, mara nyingi chini ya 100. Ukikuta picha zako nyingi zina ISO ya mamia mengi au maelfu, wewe ni mtu wa gizani, na jambo hilo litaamua mengi huko mbele.

Orodha hii ni muhimu kuliko ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwamo. Wengi hununua kamera ya picha wanazozitamani, simba akiruka au mpira ukiingia wavuni, na wakishaipata wanapiga watoto wao sebuleni.

Hatua ya 2: Tazama ukubwa wa kihisi, achana na megapikseli

Kihisi ni kile kipande nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga na kuugeuza picha. Megapikseli 20 za kihisi kidogo na megapikseli 20 za kihisi kikubwa hazifanani hata kidogo mwanga ukipungua. Hivi ndivyo vipimo utakavyokutana navyo:

Fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. APS-C, ambayo ndiyo iko kwenye kamera nyingi zisizo na kioo za bei ya kati, ni takriban 23.5 kwa 15.6, kama 366 za mraba. Ya Canon ni ndogo kidogo. Kihisi cha "inchi 1" ni 13.2 kwa 8.8, kama 116. Kile cha inchi 1/2.3, kilichomo kwenye kamera ndogo za bei rahisi, ni takriban 6.2 kwa 4.6, kama 28 tu.

(Jina "inchi 1" lisikuchanganye. Hakuna upande wenye inchi moja hapo; ni namna ya kupima iliyorithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani.)

Kutoka hapa unapata uamuzi wa kwanza usio na mjadala: kamera ya mfukoni yenye kihisi cha 1/2.3 usiinunue kwa ajili ya ubora wa picha. Simu nyingi za daraja la kati za leo zina kihisi kikuu kikubwa kuliko hicho. Kitu pekee inachoizidi nacho simu ni zumu ya lenzi yenyewe. Najua vijana wengi sasa wanatafuta kamera ndogo za miaka ya 2000 kwa sababu ya ule mwonekano wa flashi kali. Hilo ni pendo halali, nunua ukijua unachonunua.

Kamera za mfukoni ninazoziona zinastahili kushindanishwa na zisizo na kioo ni zile za inchi 1, kama familia ya Sony RX100 iliyoanza mwaka 2012 na Canon G7 X, pamoja na Ricoh GR III, ambayo ina APS-C nzima ndani ya bodi ya gramu 257, lakini lenzi yake ni moja isiyo na zumu.

Hatua ya 3: Linganisha lenzi kwa lenzi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo soma taratibu.

Chukua ukumbi wa sendofu saa tatu usiku. Taa za rangi zinazunguka, meza kuu ina mwanga wa kutosha lakini ndugu waliokaa nyuma wako kwenye kiza, na MC ameshawainua watu wacheze. Unayo kamera ya Sony isiyo na kioo yenye APS-C na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, 16-50 (milimita; namba kubwa huvuta mbali zaidi) yenye f/3.5-5.6 (namba ndogo ya f hupitisha mwanga zaidi). Mwenzio ana Canon G7 X Mark III yenye f/1.8-2.8. Nani atatoka na picha safi zaidi?

Ukivuta zumu mpaka mwisho, lenzi yako iko f/5.6 na yake iko f/2.8. Kwa kila milimita ya mraba ya kihisi, f/2.8 hupitisha mwanga mara 4 ya f/5.6. Kihisi chako kinazidi kidogo mara 3 ya chake. Mara 4 kwa mara 3: mwenye kamera ya mfukoni hajashindwa, na pengine amekuzidi kidogo. Lenzi ya boksi ya Canon R50, 18-45, inaishia f/6.3, ambayo ni mbaya zaidi kwa kazi hii.

Sasa toa lenzi ya boksi, weka ya 50mm f/1.8. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara 10. Pale ulipolazimika kupanda ISO 6400, sasa unapiga kwa karibu ISO 640 kwa kasi ile ile ya shata, lile pazia linalofunguka kuruhusu mwanga. Ngozi ya bibi harusi inabaki na rangi yake, shela inabaki na nyuzi zake, na nyuma yake taa za ukumbi zinayeyuka kuwa duara laini. Kamera ya inchi 1 haiwezi kufika hapo, hata kama aliyeishika ni fundi.

Ndiyo maana nasisitiza lenzi ya pili. Kamera isiyo na kioo yenye lenzi ya boksi peke yake ni mzigo mkubwa zaidi kwa matokeo yale yale. Nguvu yake inaanza siku unapoivalisha lenzi inayotakiwa na kazi.

Vivyo hivyo kwa wanyama. RX100 VII inafika sawa na 200mm kwa kipimo cha fremu kamili, ambayo inatosha tembo aliye karibu na gari pale Mikumi, lakini haitoshi chui aliye juu ya mti mbali na njia. Lenzi ya Canon RF 100-400 kwenye bodi ya APS-C inakupa sawa na 160-640.

Mchana, kamera ya mfukoni ina faida ambayo wachache huitaja. Kwa nyingi, shata iko ndani ya lenzi, hivyo flashi inafanya kazi hata kwenye kasi kubwa sana. Kamera zisizo na kioo, zikitumia flashi, kwa kawaida huishia kati ya 1/160 na 1/250 ya sekunde, labda uwe na flashi ya pekee yenye uwezo wa kuvuka hapo. Jua la saa sita linapochimba vivuli vyeusi machoni mwa watu, ile flashi ndogo ya RX100 inavijaza vizuri mtu akiwa karibu.

Hatua ya 4: Beba kilo ya sukari

Bodi ya Sony a6000 ina gramu 344. Ongeza lenzi ya boksi gramu 116, ya 50mm gramu 202, flashi ya wastani na betri zake: umevuka kilo. RX100 VII ni gramu 302 na hakuna cha kuongeza.

Weka pakiti ya sukari ya kilo kwenye begi lako la kila siku, uende nayo kazini, kwenye daladala, sokoni, wiki nzima. Ikiwa siku ya tatu umeiacha nyumbani, kamera utaiacha pia. Anayefanya kazi ya kulipwa hana tatizo hapa, maana siku ya kazi hubeba kila kitu. Jaribio hili ni kwa anayepiga kwa mapenzi yake.

Hatua ya 5: Fikiria watu walio mbele ya lenzi

Kwenye soko la Darajani au vichochoro vya Mji Mkongwe, kamera kubwa hubadilisha nyuso za watu kabla hujasalimia. Ndogo haitishi, na shata yake karibu haisikiki. Ruhusa utaiomba vilevile, ila mazungumzo huwa mepesi. Kwenye harusi mambo hugeuka: wazee wa familia wakiona kamera ya mfukoni mkononi mwa mpiga picha waliyemlipa, wanaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi huo unaonekana kwenye picha za familia.

Hatua ya 6: Vumbi, mchanga na chumvi

Mtu wa pwani au wa barabara za vumbi aisome hatua hii mara mbili. Kamera isiyo na kioo huingiza vumbi unapobadilisha lenzi, lakini kihisi kinafikika na fundi mwangalifu anaweza kukisafisha. Kamera ya mfukoni ina lenzi inayotoka na kuingia. Punje za mchanga wa Kigamboni zikiingia kwenye pete zake, lenzi inakwama, na kuitengeneza maana yake ni kuifungua yote. Iweke kwenye kimfuko chake, kamwe isikae mtupu mfukoni mwa suruali uliyoenda nayo ufukweni.

Zote mbili zinaogopa unyevu. Fangasi hustawi ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini. Tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na vile vifuko vya silika, uvibadilishe vikishanyonya unyevu.

Hatua ya 7: Panga bajeti kuanzia kwenye lenzi

Kama unachukua isiyo na kioo, hesabu kwanza lenzi ya f/1.8, betri ya pili, kadi yenye alama ya V30 (kasi inayotosha video) na begi. Kinachobaki ndicho cha bodi. Bodi ya zamani yenye lenzi nzuri hupiga vizuri kuliko bodi mpya yenye lenzi ya boksi. Kwa ya mfukoni, betri ya pili ni lazima, maana betri zenyewe ni ndogo na huisha haraka.

Wa video atazame tundu la maikrofoni kabla ya kitu kingine. G7 X Mark III, RX100 VII, Sony ZV-E10 na Canon R50 zinalo. G7 X Mark II na a6000 hazina.

Hatua ya 8: Dukani, hasa kwa kamera zilizotumika

Nenda mchana, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, na kadi yako mwenyewe.

Washa menyu. Baadhi ya Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, bila njia ya kuibadilisha.

Mulika lenzi kwa tochi ya simu ukiangalia ndani. Nyuzi nyuzi kama za utando wa buibui ni fangasi. Irudishe.

Weka f/16, au namba kubwa kabisa ya f ambayo kamera inafika, piga anga tupu, kisha kuza picha. Madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi. Kwa isiyo na kioo, hayo ni ya kujadili bei. Kwa ya mfukoni, iache. Pia iwashe na kuizima mara nyingi ukisikiliza lenzi: mkwaruzo wowote ni dalili ya mchanga.

Ukionyeshwa Canon M50 kwa bei nzuri, jua kwamba mfumo wake wa EF-M umeshasitishwa na lenzi zake haziingii kwenye bodi za RF. Kama M50 na lenzi zake mbili tatu zinakutosha kwa miaka, chukua. Kama unapanga kukua, hapana.

Mwisho, mwombe kijana wa duka asimame mlangoni, barabara yenye jua ikiwa nyuma yake. "Kaka, samahani, simama hapo kidogo." Piga kwa mfumo wa P, ambapo kamera inajiongoza lakini inakuachia urekebishe mwanga, halafu tazama: je, fokasi imemshika usoni au imekimbilia barabarani? Uso wake umeonekana au umekuwa kivuli? Kamera nyingi zitaufanya uso wa ngozi nyeusi kuwa mweusi mno hapo. Tafuta kitufe au gurudumu la +/- la kuongeza au kupunguza mwanga, panda +1, piga tena. Kamera ambayo hilo linafanyika kwa kidole gumba, bila kuzama kwenye menyu, ndiyo ya kwenda nayo nyumbani, kwa sababu utalifanya kila siku.