Somo: Namba za picha ya ubongo zinapobadilika baada ya kuhifadhi faili

Wadau, habari za baridi. Huku Uyole mwezi huu wa saba vidole vinaganda kwenye kibodi, lakini somo ni hili.

Kijana mmoja aliniletea ramani ya maeneo ya ubongo iliyotoka FreeSurfer, programu inayogawa picha ya ubongo kwa maeneo, ikageuzwa kuwa NIfTI, aina ya faili la picha za ubongo. Humo kila eneo lina namba yake, yaani lebo; hipokampasi ya kushoto (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ni namba 17. Akihesabu vokseli (vijisanduku vidogo vinavyounda picha) zenye 17 anapata sifuri, na akifungua picha hipokampasi anaiona kabisa. Nikabofya juu yake: 16.985. Nikacheka, maana hata mimi nimewahi kuliwa siku nzima na hiyo.

Faili la NIfTI lina namba zenyewe, na lina kichwa cha baiti 348 kinachotaja aina ya chombo zilimofungwa. Chombo cha uint8 kinabeba 0 hadi 255. Int16 kinabeba -32768 hadi 32767. Kichwani mna pia scl_slope, namba ya kuzidishia, na scl_inter, ya kujumlishia. Kijana alisoma kwa nibabel, maktaba ya Python ya kusoma faili hizi, akitumia get_fdata, ambayo hutoa desimali za biti 64, kisha akahifadhi kwa kichwa cha zamani kilichosema int16. Nibabel haikulalamika. Ilizitandaza lebo za ramani, 0 hadi 2035, kwenye nafasi zote 65536 za int16 na kuandika slope yake. Namba 17 ikaangukia katikati ya nafasi mbili. Kwa picha ya kawaida ya MRI hilo halina neno. Kwa lebo ni sumu.

Hatua ya 1. Uliza kichwa kwanza: get_data_dtype kwenye nibabel, au fslhd ukiwa na FSL, programu nyingine ya picha za ubongo. Angalizo: fslhd huonyesha datatype kwa msimbo, na msimbo 16 si biti 16! Ni desimali za biti 32. int16 ni msimbo 4, uint8 ni 2.

Hatua ya 2. Tazama namba ndogo kabisa, kubwa kabisa, na kama kuna NaN, yaani mahali pasipo na namba halali. Usiruke hapa.

Hatua ya 3. Chagua chombo kinachotosha. Lebo ya 2035 ukiisukuma kwenye uint8 hupati lumbesa ya viazi inayofura juu ya gunia; inazunguka kama mita ya kilomita ya daladala na kutoka 243.

Hatua ya 4. Lebo zifanye kuwa namba kamili iliyo karibu kwa np.rint (np ni NumPy, maktaba ya hesabu ya Python), ndipo ugeuze aina ya chombo kwa astype. Halafu badilisha na kichwa kwa set_data_dtype. Wengi hugeuza namba wakasahau kichwa, na kichwa ndicho kinachoshinda wakati wa kuhifadhi.

Hatua ya 5. Hifadhi kwa jina jipya, fungua upya, linganisha orodha ya lebo na ya mwanzo kwa np.unique.

MASWALI

Mdau wa Iringa: Shikamoo mwalimu. Picha yangu ina madoa meusi katikati ya sehemu zinazong'aa. Mashine mbovu?

Marahaba. Usiisingizie mashine bado. Namba zimevuka 32767 zikageuzwa int16 kwa nguvu: 40000 inakuwa -25536, ndiyo hayo meusi. Rudi kwenye faili la mwanzo, tumia desimali za biti 32. Hilo lililoharibika usilitengeneze.

Mdau wa Tukuyu: Nibabel inakataa int64, na sikuiomba mimi!

Uliiomba bila kujua, kaka. Ukiandika astype na int tupu, kwenye Linux unapewa biti 64. Tangu toleo la 5 nibabel hugoma mpaka uitaje aina mwenyewe. Taja int32, au int16 kama inatosha.

Mdau wa Njombe: Laptop yangu ina RAM ya GB 4, inaganda nikifungua fMRI, zile picha za ubongo zinazopigwa mfululizo.

Piga hesabu, dada. 64 × 64 × 30 kwa picha 200 ni vokseli 24,576,000. Kwa int16 ni kama MB 49. Get_fdata inazifanya MB 197 hivi, na kila nakala unayotengeneza inaongeza nyingine kama hizo. Kata kipande kupitia dataobj, inayosoma sehemu unayoitaka tu, au iambie get_fdata itumie float32.

Mdau wa Iringa: Faili la mwanzo nilishaliandikia juu.

Basi rudi kwenye DICOM, faili zinazotoka kwenye mashine yenyewe, ugeuze upya. Kama CD ya hospitali bado unayo.