Akiba ya Mwandishi wa Blogu: Namna ya Kuandika kila Wiki bila Kukatika

Blogu nyingi za Kiswahili hupita njia moja: makala sita katika mwezi wa kwanza, mbili katika mwezi wa pili, salamu za mwaka mpya, kisha kimya. Wenye blogu hizo wakiulizwa husema kwamba walikosa muda. Nami niliwahi kuacha blogu kwa namna hiyo, na nilipochunguza sababu nikaona kwamba muda nilikuwa nao, kwa maana kila Jumamosi asubuhi nilikaa mezani kwa saa mbili nzima. Nilichokosa ni kitu cha kuandika. Nilikuwa nikianza kutafuta jambo la kusema katika saa zilezile ambazo nilipaswa kulisema, na saa zikiisha nilikuwa na aya moja isiyonipendeza.

Kwa hiyo tabia ya kwanza ya kujenga ni ya kuokota, kabla hata ya ile ya kuandika. Tuchukue mfano wa mtu anayelima nyanya na pilipili hoho, na anayeandika kuhusu kilimo cha mboga. Kila jioni, akishanawa na kabla ya kula, anaandika mistari mitatu katika daftari: jambo aliloliona shambani, swali aliloulizwa na mtu, na kazi iliyomwendea vibaya. Mistari hiyo haihitaji ufasaha wowote, na siku ambayo mikono ina udongo anaweza kujirekodi kwa simu kisha akaiandika baadaye.

Katika mistari hiyo mitatu, wa thamani kubwa zaidi ni ule wa swali, na inafaa uandikwe kwa maneno ya muulizaji mwenyewe. Mdudu ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kuteketeza mashamba mengi ya nyanya, wakulima humwita kantangaze. Mkulima anayetafuta msaada kwenye intaneti usiku, akiwa na bando dogo, ataandika «dawa ya kantangaze», kwa sababu ndilo jina analolitumia shambani. Mwandishi aliyelinukuu swali hilo kama lilivyoulizwa tayari ana kichwa cha makala, ana msomaji anayemjua kwa sura, na anajua jibu linapaswa kuanzia wapi.

Kuiweka kazi ya daftari baada ya kunawa kuna sababu yake. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 ambao kila mmoja alichagua kitendo kimoja na kukifungamanisha na jambo analolifanya kila siku, kama vile kula chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 kitendo kukaribia kufanyika chenyewe bila kujisukuma, lakini tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Watafiti waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo. Hili la mwisho ningependa kila mwandishi anayeanza alishike, kwa sababu wengi huacha kabisa kwa huzuni ya siku moja iliyopotea.

Hata hivyo, vitendo vilivyochunguzwa vilikuwa vya namna ya kunywa maji, kula tunda au kufanya mazoezi. Mistari mitatu ya daftari inafanana na vitendo hivyo, nayo itazoeleka. Makala ya maneno mia nane haifanani navyo, na sioni kwamba itakuja siku ambayo itaandikika yenyewe kama kupiga mswaki. Kazi ndogo ijengewe mazoea, na kazi kubwa itengewe saa katika ratiba, ilindwe kama inavyolindwa ahadi ya kumtembelea mgonjwa.

Saa hizo ni bora zigawanywe kuliko kurundikwa katika siku moja. Jumanne jioni iwe ya rasimu peke yake: fungua daftari, chagua swali moja, zima data ya simu, na uandike hadi mwisho bila kurudi nyuma kusahihisha. Alhamisi iwe ya kusahihisha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ifanywe kwa kusoma kwa sauti, kwa kuwa sikio hukamata sentensi iliyopinda ambayo jicho limeizoea. Jumamosi chapisha. Kabla ya kuinuka Jumanne, andika sentensi ya kwanza ya makala ya wiki ijayo, hata kama utaibadilisha, ili usikutane tena na ukurasa mtupu.

Kisha jenga akiba. Usiizindue blogu kabla ya kuwa na makala nne zilizokamilika; moja ichapishwe, tatu zibaki ghalani. Makala za akiba ziwe zile zisizochacha haraka, kama namna ya kutengeneza mbolea ya mboji au kuchagua mbegu, wala zisiwe habari za bei ya sokoni wiki hii. WordPress na Blogger, majukwaa ya kuendeshea blogu, zote humruhusu mwandishi kuipangia makala siku na saa ya kutoka, hivyo msiba, homa au wiki ya mavuno haitaonekana kwa msomaji. Ukishatoa moja ghalani, rasimu yako inayofuata iwe ya kuirudishia nafasi yake. Kanuni hii inachosha kidogo katika miezi miwili ya kwanza, lakini ndiyo iliyonisaidia kuliko nyingine zote.

Akiba hiyo ifuate majira. Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, masika huanza Machi na vuli Oktoba. Miche ya nyanya hukaa kitaluni takribani mwezi mmoja, kwa hiyo makala ya kuandaa kitalu kwa ajili ya masika inafaa itoke mwishoni mwa Januari, maana yake rasimu iandikwe mapema mwezi huohuo. Anayeandika mapishi ana hesabu nyingine: Ramadhani huja mapema zaidi kwa takribani siku 10 au 11 kila mwaka, na makala za futari husomwa na watu wanaopanga manunuzi kabla mwezi haujaandama.

Umbo la blogu nalo litokane na kazi unayoifanya tayari. Issa Michuzi alipoanza blogu yake mwaka 2005 alikuwa mpigapicha wa habari, na blogu hiyo ikajengwa juu ya picha zenye maelezo mafupi. Mpigapicha huzunguka na kamera hata asipokuwa na blogu. Mwalimu ana maswali ya wanafunzi, fundi cherehani ana makosa ya vipimo anayoyarekebisha kila siku, na ni vigumu kumshauri yeyote kati yao aanzishe jambo lililo mbali na kazi inayomlisha.

Takwimu za wasomaji zitazamwe mara moja kwa mwezi, siku ya kupanga mwezi unaofuata, na kinachotafutwa humo kiwe maneno ambayo watu waliyaandika kwenye intaneti hadi wakafika kwenye blogu yako. Yakiwa ni maswali ambayo hujayajibu, yaingie daftarini.

Na ikitokea umekatika kwa miezi kadhaa, usianze na makala ya kuomba radhi. Rudia mistari mitatu kwa wiki mbili bila kuchapisha chochote, kamilisha makala mbili, weka moja ghalani, na Jumamosi utoe ile inayojibu swali la msimu uliopo.