Somo: Kitalu cha miti ya asili kwa kikundi cha kina mama wa milimani

Kina mama na dada zangu, somo mliloomba hili hapa. Nimelipanga kwa ajili ya vikundi vya kwenye miteremko: Rombo, Marangu, Kibosho, Upare, Lushoto, hata Rungwe. Wa tambarare watachukua yanayowafaa.

Kabla ya udongo na mbegu, tukubaliane tunatafuta nini. Tunatafuta mti uliosimama baada ya kiangazi cha pili. Vikundi vingi huhesabu miche iliyotoka kitaluni, vikapiga picha Aprili 1, siku ya kupanda miti kitaifa, kisha mbuzi na jua vikamaliza kazi. Wangari Maathai alipoanzisha harakati yake ya kupanda miti Kenya mwaka 1977 chini ya Baraza la Wanawake, kina mama walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika baada ya kupandwa. Kutoka kitaluni tu hakukutosha. Nawasihi muibebe kanuni hiyo, kwa sababu inabadilisha kila hatua inayofuata.

1. Ardhi na maandishi

Kitalu hakihitaji eneo kubwa. Kinahitaji eneo ambalo hakuna atakayekuja kuwafukuza miche ikiwa na urefu wa kidole. Kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kwa desturi yetu ya Uchagani hurithiwa na watoto wa kiume, kwa hiyo mama anaweza kukilima maisha yake yote bila kuwa na kauli juu ya mti aliopanda mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele yake. Lakini sheria haimwagilii miche. Andikeni makubaliano: eneo ni la nani, kikundi kitalitumia hadi lini, miche ni mali ya nani. Mwenye eneo asaini, mkewe asaini, na mtendaji wa kijiji ashuhudie. Fanyeni hivyo hata kama eneo ni la shule au la kanisa.

2. Maji

Chagueni mahali karibu na mfereji au bomba, penye mteremko mdogo ili maji yasituame. Kama ni mfereji wa asili, nendeni kwenye kamati yake mpangiwe zamu. Kwa mila mifereji ilikuwa kazi ya wanaume, na bado kuna kamati zisizo na mwanamke hata mmoja. Ombeni nafasi ya mjumbe mapema, kabla hamjahitaji maji kwa haraka.

3. Udongo na viriba

Ndoo tatu za udongo mweusi wa juu, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyoiva. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuleta magonjwa. Viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vya inchi 4 kwa 6 vinatosha kwa miti mingi. Mkikosa fedha, magamba makavu ya mgomba yanakunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba yenyewe, na yanapandwa pamoja na mche kwa kuwa yanaoza ardhini.

4. Mbegu

Hapa ndipo pa kutulia. Msikusanye mbegu chini ya mti mmoja kwa sababu tu uko karibu na njia. Tafuteni miti mama kama kumi, iliyonyooka na yenye afya, iliyo mbali mbali. Mbegu za mti mmoja huzaa miti ya ukoo mmoja, na ugonjwa ukiingia huondoka nayo yote.

Mringaringa ni wa kwanza kwangu. Unakaa vizuri na kahawa na migomba, kivuli chake ni chepesi, na mbao yake inasomesha watoto. Ondoeni nyama ya tunda, osheni mbegu, kausheni kivulini.

Mkomahoya, ambao wataalamu huuita Prunus africana, unahitaji haraka. Mbegu yake haikai. Okoteni matunda yaliyoiva, menyeni, osheni, sieni ndani ya siku chache. Magome yake yamechunwa sana kwa ajili ya dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya, hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995. Mkiuotesha, mnarudisha kitu kilichopungua kwelikweli.

Msesewe tunaujua wote, magome yake ndiyo yanayotia mbege, pombe yetu ya ndizi, uchungu wake. Unapenda kandokando ya vijito. Ongezeni kaliandra kwa ajili ya malisho na kuni: loweka mbegu kwenye maji baridi siku mbili, kisha sia. Anayebeba mzigo wa majani na kuni mgongoni ni mama, na mti unaompunguzia safari ataulinda bila kuambiwa.

5. Malezi kitaluni

Sieni kwenye tuta lenye kichanja cha kivuli. Mche ukitoa majani mawili hadi manne ya kweli, uhamishieni kwenye kiriba jioni. Shikeni jani, msishike shina. Mwagilieni asubuhi na jioni mwanzoni, kisha punguzeni. Kila baada ya wiki chache inueni viriba mkate mizizi iliyotoboa chini. Mwezi wa mwisho ondoeni kivuli kidogo kidogo ili mche uzoee jua.

Hesabuni kurudi nyuma kutoka masika. Mringaringa unataka miezi minne hadi sita, mkomahoya huchukua zaidi.

6. Kupanda na kuhesabu

Chimbeni mashimo kabla ya mvua, sentimita 45 kila upande, kwa kufuata kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa. Udongo wa juu urudi chini ya shimo. Kiriba cha plastiki kitoeni. Upande wa chini wa mteremko wekeni tuta dogo la nusu mwezi likamate maji. Kila mama apewe miche anayoweza kuilinda, na daftari lionyeshe iko wapi. Malipo au gawio litolewe kwa miche inayokutwa hai baada ya kiangazi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Lushoto: Shikamoo mama. Kwetu mikaratusi inauzika haraka kwa nguzo. Tuiache kabisa?

Marahaba mwanangu. Msiipande karibu na chemchemi, kijito wala shamba la mahindi, kwa sababu inavuta maji mengi. Kama mna kipande kikavu mbali na maji, kitengeni kwa nguzo. Mpakani mwa shamba, mgrivelia unafaa zaidi. Kwenye chemchemi pandeni mkuyu kwa vipandikizi vinene.

Mwanachama wa Mwika: Miche inaota vizuri, kisha inalala chini ghafla, shingo imekuwa nyembamba na nyeusi.

Hicho ni kinyausi, dada, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la mche mchanga. Mmesia kwa msongamano na maji yamezidi. Ng'oeni iliyougua na udongo wake, punguzeni maji, fungueni kivuli hewa ipite. Msimu ujao badilisheni udongo wa tuta.

Mwanachama wa Rungwe: Baba watoto anasema miti itaua migomba. Nifanyeje?

Usianze na shamba zima, mama. Mwombe mpande mringaringa michache kati ya migomba, kwa nafasi ya mita kumi au zaidi, na mpogoe matawi ya chini kila mwaka. Yeye awe na yake na wewe yako, yote iandikwe kwenye daftari la kikundi. Akiona mti una jina lake, mazungumzo yanakuwa mengine.

Mwanachama wa Same: Mtaji wa viriba tutapata wapi?

Sajilini kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii. Katika mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 10 ni ya mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ila msikope kwa miche ya asili peke yake, inachelewa kulipa. Wekeni tuta moja la maparachichi ya kubebesha, yaani yaliyounganishwa kikonyo cha mti bora, au pasheni kwenye kitalu hicho hicho. Hayo ndiyo yatakayorudisha mkopo huku mkomahoya ukikua.

Mwanachama wa Rombo: Mbegu za mkomahoya tulizihifadhi kwenye gunia tangu mwaka jana. Bado zinafaa?

Hapana, mama. Zimwageni kwenye mboji, muanze kuangalia miti iliyo na matunda sasa.