Somo: Namna ya kusoma mashairi ya mapenzi na usaliti ya wanawake wa enzi za Malkia Victoria bila kubaki kwenye machozi

Wakuu habari zenu. Leo tusome mashairi ya wanawake wa Uingereza enzi za Malkia Victoria, yaani 1837 mpaka 1901, yale ya kupendwa, kusalitiwa na kukumbukana. Wengi wetu tulikutana nayo darasani yakatuchosha kwa sababu tuliambiwa ni huzuni tu, mdada kaachwa, mdada analia, mdada anakufa, kengele ikalia tukatoka. Mi hapo nabisha. Machozi yapo ndiyo ila yako juujuu, chini yake kuna mtu anadai chake na mara nyingi anamchoma mtu mwingine ambaye yupo palepale anasikiliza, na ukishajua kumtafuta huyo msikilizaji basi shairi lote linabadilika.

Nitamtumia zaidi Christina Rossetti, mzaliwa wa London 1830, mtoto wa mkimbizi wa kisiasa kutoka Italia. Kitabu chake cha 1862, Goblin Market and Other Poems, ndo kina karibu kila kitu cha somo la leo. Hakimiliki ilishaisha zamani, andika jina la shairi kwenye intaneti utalipata bure.

HATUA YA 1: Soma kwa sauti mpaka mwisho, kamusi iache.

Kiingereza cha Rossetti ni chepesi kuliko unavyofikiri, maneno mafupi mafupi ya kawaida. Usiposikia mdundo utadhani anabembeleza kumbe anagombana. Soma mara mbili, endelea.

HATUA YA 2: Uliza, hapa anaambiwa nani?

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, nitakaa hapa kidogo. Chukua "Cousin Kate". Msichana wa kijijini, mtoto wa kibanda, anaonwa na lodi (bwana mwenye cheo) mmoja tajiri, anachukuliwa mpaka jumba la kifahari, jamaa anamvaa kama utepe wa hariri na kumbadilisha kama glavu (maneno ya shairi lenyewe hayo), halafu siku moja lodi anamwona Kate, binamu wa huyo msichana, kwenye geti la baba yake Kate, anamfuatilia akifanya kazi shambani, na huyo Kate akavishwa pete. Majirani wanamwita Kate mwema na safi, huyu wa kwanza wanamwita kitu kilichotupwa.

Sasa ungetegemea shairi amwandikie lodi, amuulize kwa nini. Wapi! Jina linaloitwa ni Kate, na sehemu kubwa ya shairi ni "wewe" na "mimi" baina ya wanawake wawili. Hii ni mipasho kabisa, tena ya kiwango, kama ile ya taarabu ambapo mlengwa amekaa meza ya mbele na kila mtu ukumbini anajua anaimbiwa yeye. Anamwambia mapenzi yangu yalikuwa ya kweli, yako yameandikwa mchangani, na kama angekudanganya wewe akanitaka mimi, ningemtemea mate usoni na mkono wake nisingeushika. Ubeti wa mwisho ndo anaua: mimi nina zawadi ambayo wewe huna na dalili ya kuipata sioni. Mtoto wa kiume. Anamkumbatia, anamwita aibu yangu, fahari yangu, na anasema baba yako angetoa mashamba apate mmoja wa kuvaa taji lake.

Hapo usimalizie kwa kupiga makofi, subiri hatua ya 6.

HATUA YA 3: Angalia mwanaume kapewa maneno mangapi.

Kwenye "Cousin Kate" lodi hasemi hata neno moja. Kwenye "Maude Clare", ambapo mpenzi wa zamani anawafuata maharusi wakitoka kanisani, bwana harusi Thomas anajaribu kujibu, anaanza na "Bibi", anakwama, anataja jina la Maude Clare, analitaja tena, anaficha uso. Basi. Mwanaume ndiye kasababisha yote ila kwenye shairi hana la kusema, na sidhani Rossetti alisahau kumpa maneno, kampa ukimya makusudi.

HATUA YA 4: Tafuta kitu cha kumbukumbu na aliyekishika.

Maude Clare hakuja harusini mikono mitupu. Kabeba nusu yake ya mkufu wa dhahabu uliokuwa shingoni kwa Thomas siku walipoingia mtoni maji ya kifundo cha mguu kuchuma mayungiyungi, kabeba na nusu yake ya majani yaliyonyauka ya siku hiyohiyo, anavirudisha mbele ya bibi harusi na wageni. Kumbukumbu hapa haikai moyoni ikauma kimyakimya, inatolewa hadharani kama kielelezo mahakamani. Afu anamgeukia bibi harusi, Nell, anamwambia chukua na sehemu yangu ya moyo kigeugeu. Na Nell hazimii! Anajibu kwamba ulichoacha nitachukua, najua umenizidi kimo, akili na uzuri, ila nitampenda mpaka anipende mimi kuliko wote. Binafsi naona Nell ndo kashinda raundi hiyo, najua wapo watakaobisha.

HATUA YA 5: Ikiwa soneti, simama mshororo wa 9.

Soneti ina mishororo 14, na kwa mtindo huu wa Kiitaliano mawazo hugeuka baada ya ule wa 8. "Remember" linaanza nikumbuke, nikumbuke, nikumbuke tu, mpaka unaona huyu dada hataki kuachwa asahaulike, ukifika wa 9 linageuka ghafla: lakini ukinisahau kwa muda ukaja kukumbuka, usihuzunike, heri usahau ukatabasamu kuliko ukumbuke ukahuzunika. Walimu wengi wanaishia hapo, upendo wa kujitoa, maksi kamili. Rudini mshororo wa 6. Anasema siku hadi siku unanieleza mustakabali wetu uliopanga wewe. Wetu, ila kapanga yeye peke yake! Na mshororo wa 4 mwanamke anageuka nusu aondoke, akabaki. Mi nikisoma hivyo naona mtu aliyekuwa na mguu mmoja mlangoni hata kabla ya kifo, na kule kuruhusu kusahauliwa ni kumfungua mwenzake na kujifungua na yeye pia.

HATUA YA 6: Weka sheria ya wakati ule pembeni.

Bila hii utawaona wanalalamika bure. Sheria ya talaka ya 1857 ilimruhusu mume kumtaliki mke kwa uzinzi tu, ila mke alitakiwa athibitishe uzinzi wa mume pamoja na kosa jingine juu yake, mfano ukatili au kutelekezwa. Mke kumiliki mali kikamilifu kwa jina lake kulisubiri sheria ya 1882. Mtoto wa nje ya ndoa hakurithi cheo cha baba, kwa hiyo rudi kwa yule mama wa "Cousin Kate": anamringia Kate kwa mtoto ambaye kisheria taji hilo hatalivaa kamwe. Lodi ana cheo na hana mrithi, yeye ana mtoto na hana cheo cha kumpa, na Kate ana pete bila mtoto. Rossetti hakuwa anaota haya akiwa sebuleni, kuanzia 1859 alijitolea kwenye nyumba ya kanisa huko Highgate iliyopokea wanawake ambao jamii iliwaita walioanguka, na aliendelea kwa miaka.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, "Remember" si alimwandikia mchumba wake? Nimesoma mahali kwamba aliachwa.

Jibu: Liliandikwa 1849, hajafikisha hata miaka 19, na ni kweli alikuwa kachumbiwa na mchoraji James Collinson, uchumba ukavunjika 1850 jamaa aliporudi Ukatoliki. Lakini shairi halimtaji na mi nakushauri usilifunge kwake. Angalia kilichompata Emily Brontë. Ana shairi linaitwa "Remembrance", la 1845, mwanamke anamlilia mpenzi aliyelala kaburini chini ya theluji Desemba 15 zimepita, yaani miaka 15, na anaomba msamaha kama kaanza kumsahau. Linatoka moyoni hasa mpaka unajiuliza huyo mwanaume alikuwa nani. Hakuwepo. Kwenye muswada wahusika wana majina, ni malkia na mpenzi wake wa Gondal, nchi ya kubuni aliyokuwa anaicheza na mdogo wake Anne tangu utotoni. Walipochapisha 1846 kwa majina bandia wakayafuta hayo majina, ndo watu wakabaki wanatafuta kaburi ambalo halipo.

Swali: Samahani kama nakosea, ila kwa nini hawa wadada wanajifia kila shairi? Inachosha.

Jibu: Hahaha hujakosea. Ila soma "After Death" la Rossetti uniambie. Mwanamke ni maiti, kalazwa kitandani, mwanaume anaingia akidhani hasikiki na anasema maskini mtoto huyu. Haigusi sanda, hamshiki mkono. Maiti anatupa hesabu kwamba nilipokuwa hai hakunipenda, nimekufa kanihurumia, na ni tamu kujua yeye bado ana joto mimi nikiwa baridi. Hiyo "tamu" iangalie vizuri. Angekuwa mzima asingeweza kuyasema hayo usoni kwake, kifo kimempa nafasi ya kusikiliza na kuongea bila kukatizwa.

Swali: Mbona umemruka Elizabeth Barrett Browning? Yeye alipendwa kweli.

Jibu: Alipendwa ndiyo, akafunga ndoa ya siri 1846 na baba yake akamkatia urithi, na zile soneti zake 44 za 1850 ni za huyo mume. Ila kwa mada ya usaliti tafuta "Lord Walter's Wife". Rafiki wa mume anamtongoza mke kwa kumsifia, mke anajifanya kakubali, jamaa anashtuka na kumwona mchafu, ndipo mke anampa vidonge vyake: kumbe mchezo ulikuwa mzuri mpaka mimi nilipoingia? Alilituma 1861 kwa jarida la Cornhill, mhariri Thackeray akalikataa kwa kuhofia wasomaji wangekwazika. Likatoka kitabuni 1862, mwenyewe keshafariki.

Swali: Anayejigamba kwenye "Cousin Kate" si mnafiki? Anasema mali isingemnunua, halafu anamalizia kwa kutaja mashamba.

Jibu: Umesoma vizuri. Msemaji siyo mtakatifu na Rossetti hajamsafisha, yeye mwenyewe anakiri kuna furaha aliipata kule kwenye jumba. Mi namwelewa hivyo hivyo na unafiki wake.

Swali: Kwenye "Maude Clare" umempita mama yake Thomas, na mimi naona ndo mtu wa maana kuliko wote.

Jibu: Hapo nakupa haki yako. Anamwambia mwanawe, akitabasamu na machozi yakikaribia, kwamba miaka 30 iliyopita baba yako alikuwa na hadithi kama yako hii, isipokuwa hakupauka kama wewe wala mimi sikupauka kama Nell. Kwa hiyo yeye alikuwa Nell wa wakati wake! Na angalia anasema lini, Maude Clare hajafungua mdomo bado, mkufu haujatolewa. Anajua kinachokuja na anawaombea waishi kwa uaminifu kama walivyoishi wao, sasa kama hiyo ni dua au kijembe kwa mumewe au kwa mwanawe, mi nimegawanyika, rudini ubeti wa 2 na wa 3 mtupie maoni.