Kuzalisha aina tatu za samaki wa Ziwa Tanganyika katika tangi moja la nyumbani

Aina tofauti za samaki huzaa, kila moja na wenzake, ndani ya tangi moja pale tu ambapo kila aina ina mahali pake pa kutagia. Ziwa Tanganyika lina watatu wanaoelewana kwa sababu hiyo. *Neolamprologus multifasciatus*, tumwite multi, hutaga ndani ya makombe matupu ya konokono. *Julidochromis ornatus*, yaani juli, hutaga kwenye nyufa za mawe. *Cyprichromis leptosoma*, au sipri, huishi maji ya wazi, na jike huatamia mayai mdomoni kama perege.

Hatua ya 1: Tangi

Chukua lenye urefu wa sm 120, upana sm 50 na kimo sm 50. Hilo ni lita 300. Maji peke yake yana kilo 300, na ukijumlisha mawe, mchanga na kioo unakaribia kilo 400, kwa hiyo tengeneza stendi yake maalumu. Mfuniko ni lazima. Sipri akishtuka usiku huruka, na uwazi wa vidole viwili unamtosha kutoka.

Hatua ya 2: Mawe kwanza, mchanga baadaye

Panga mawe upande mmoja, yakae moja kwa moja juu ya sakafu ya tangi, ndipo umwage mchanga laini wa kina cha sm 5. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki watachimba chini yake, mawe yataporomoka na kioo kitapasuka. Acha nyufa nyembamba zilizosimama wima, zenye upana wa kidole.

Upande wa pili tandaza makombe, angalau matatu kwa kila multi, yenye mlango wa karibu sm 2. Yachemshe dakika 20 na kuyasuuza hadi harufu iishe. Usiyafukie: multi huondoa mchanga chini ya kombe kwa mdomo, likashuka lenyewe hadi ubaki mlango tu. Kati ya mawe na makombe acha sm 40 za mchanga mtupu. Huo ndio mpaka, na ukikosekana juli atakula vifaranga vya multi.

Hatua ya 3: Maji

Lenga pH (kipimo cha uchachu wa maji) 8.5 hadi 9 na joto la nyuzi 25 hadi 26. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye pipa saa 24 huku pampu ya hewa ikifanya kazi. Kama ni laini, yaani yana madini machache, yeyusha gramu 5 za baking soda kwa kila lita 50. Hapo ugumu wa kaboneti hupanda kwa takriban digrii 3. Magadi ya kuchemshia maharage usitumie, maana hupandisha pH kwa kishindo.

Filta ipitishe lita 1,200 hadi 1,500 kwa saa. Mdomo wake uvishe sponji, la sivyo vifaranga vitafyonzwa.

Hatua ya 4: Subiri

Hapa ndipo wengi wanapopoteza samaki. Endesha tangi wiki 4 hadi 6 bila samaki, ukitia chakula kidogo kila siku ili bakteria wanaovunja uchafu wajijenge, hadi vipimo vya amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu, visome sifuri. Kwenye pH 7 amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9, joto 25, inapita asilimia 30. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini angekivumilia, kwa hawa ni kifo.

Hatua ya 5: Kuingiza samaki

Anza na multi 6, wamiliki makombe yao kabla mgeni hajafika. Baada ya wiki mbili ingiza juli wadogo 6, waachie wachaguane wenyewe. Jozi ikishika ufa na kuwafukuza wenzao, waondoe hao wengine siku hiyohiyo. Mwisho weka sipri 10: madume 3, majike 7.

Hatua ya 6: Chakula na vifaranga

Lisha kidogo mara mbili au tatu kwa siku: artemia na dafnia (vidudu vidogo vya majini jamii ya kamba), au chembe ndogondogo za chakula cha samaki. Nyama ya ng'ombe huharibu matumbo yao. Badili asilimia 20 ya maji kila wiki.

Vifaranga vya multi na juli hukua papo hapo chini ya ulinzi wa wazazi. Utaviona vya multi kwenye mlango wa kombe, vichwa vidogo kama punje za mtama, vikirudi ndani kivuli kikipita.

Sipri ndiye wa kuangaliwa. Jike hutaga yai katikati ya maji, hugeuka na kulidaka likiwa linazama. Koo huvimba, na baada ya takriban wiki tatu huviachia vifaranga, mara nyingi chini ya 15. Ukiwahi kumhamisha atayatema au kuyameza. Ngoja siku ya 18, zima taa, mteke kwa bakuli, si kwa wavu, umpeleke kwenye tangi la lita 40 lenye maji yaleyale.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Niko Dar, maji yanafika 30 mchana. Nifanyeje?
Marahaba. Joto likipanda oksijeni hupungua. Elekeza feni kwenye uso wa maji, badala ya mfuniko wa kioo tumia wavu mgumu, na ongeza pampu ya hewa. Maji yanayokauka yafidie kwa maji yasiyo na chumvichumvi.

Ndugu, naweza kuongeza mbuna wawili watatu, kwa rangi tu?
Hapana. Mbuna wa Ziwa Malawi ni wakali na hula mwani. Chakula cha samaki wako hawa kitawavimbisha mbuna tumbo. Pia usichanganye *Julidochromis* wa aina mbili, wala sipri wa Kigoma na wa Zambia: watazaa chotara na mbegu itapotea.

Nilisafisha mawe nikayapanga upya. Jozi ya juli sasa wanauana.
Ukivunja ufa wao umevunja ndoa yao. Tenganisha kwa kioo chenye matundu kwa siku kadhaa, rudisha mawe karibu na yalivyokuwa, kisha waunganishe jioni. Dume au jike akiendelea kujificha juu kwenye kona, mapezi yamechanika, mtoe kabisa.

Artemia natotolesha vipi?
Lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi isiyo na madini ya joto, nusu kijiko cha chai cha mayai, hewa kali, joto 27. Baada ya saa 24 hadi 36 zima hewa na umulike chini: maganda yataelea, artemia watakusanyika kwenye mwanga. Wanyonye kwa mrija, wasuuze, walishe hapohapo.