Una Three ya 14 na unataka chuo cha serikali? Pitia hapa kabla hujalipia maombi

Nina kasteshenari kangu huku Nyegezi, na matokeo ya Form Six yakitoka madogo wanajaa mlangoni, wa Nsumba, wa Bwiru, wa Nganza, na swali ni lile lile, "kaka nina Two ya 11 (yaani divisheni ya pili, pointi 11), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) napata?" Mi huwa sijibu, namwambia fungua matokeo nione somo moja moja, maana divisheni peke yake hainiambii kitu.

Cha kwanza ujue kuna pointi za aina mbili na zinaenda kinyume. Za NECTA, baraza la mitihani, ndo zinatengeneza divisheni: A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, chache ndo nzuri. TCU, tume ya vyuo vikuu, wao wamegeuza, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S ni nusu, F sifuri, hapa nyingi ndo nzuri. Kama masomo yako matatu ya kombi (mchepuo wako) yote yako kati ya A na E, chukua 18 toa pointi zako za NECTA, umepata za TCU, yaani One ya 7 inakuwa 11. Ukiwa na S au F hiyo njia ya mkato haifanyi kazi, jumlisha moja moja. GS (General Studies) usiihesabu.

Sasa kigezo cha chini kabisa cha digrii ni prinsipo mbili (A mpaka E, S sio prinsipo) kwenye masomo ambayo kozi inayataka, na hizo mbili zifikishe pointi 4. Mwaka jana nilikaa na madogo wawili benchi moja, wote HGL (historia, jiografia, Kiingereza), wote Three ya 14. Mmoja ana D, D na S. Mwenzie ana D, E, E, prinsipo tatu kamili, akawa anamcheka jamaa na S yake. Nikachukua peni nikajumlisha mbili bora za kila mmoja: wa S ana 4, huyu mcheshi ana 3. Kicheko kikakata palepale, tukaanza kutafuta diploma.

Halafu kila kozi ina masharti yake, yapo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, kinatoka kila mwaka, kipakue usome mwenyewe. Udaktari (MD) kwa mfano unataka prinsipo zote tatu za PCB (fizikia, kemia, bailojia). Mwenye bailojia B, kemia C, fizikia S ana Two ya 11, nyumbani wamemchinjia kuku, ila MD ya vyuo kama MUHAS au UDOM hagusi, S moja imefunga mlango. Hizo B na C zake ni pointi 7, atafute kozi za bailojia na kemia. Kuna kozi zinachungulia mpaka hesabu ya Form Four.

Na jina la shule halina pointi. Umetoka shule ya vipaji au ya kata, D ni D.

Kufikisha 4 pia sio kupata nafasi, ni ruhusa ya kushindana tu, kozi zenye foleni wanaanza kuchukua wenye pointi nyingi, kwa hiyo kuomba kozi ya sheria UDSM na 4 yako ni pata potea, weka na kozi nyingine unazoziweza kweli. (Wazazi wa Mwanza: Bugando na SAUT ya Malimbe ni vyuo vya Kanisa Katoliki, sio vya serikali, tunabishana hili kila mwaka.)

Maombi unatuma chuo kwa chuo. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri (code) unayotumiwa kwenye simu. Kuna dogo alipata viwili, akaenda Ukerewe kwa bibi yake kupumzika, laini aliyojazia fomu kaiacha mjini kwa dada yake, amerudi na meli dirisha limefungwa jana yake.