Kabla ya kukariri istilahi, ipasue kwanza

Chukua "kani ya mvutano", ile nguvu inayofanya jiwe lianguke chini. Mtaani, kani ni ule ukaidi wa mtu anayeshikilia jambo mpaka mwisho. Fizikia imelichukua neno hilo kumaanisha nguvu. Utamu uko kwenye mvutano. Shina lake ni "vuta", na kipande "-an-" ndicho kile kile cha pendana na pigana: kitendo cha kutendeana. Kwa hiyo neno lenyewe linakwambia Dunia inavuta jiwe, na jiwe nalo linavuta Dunia, kwa nguvu iliyo sawasawa. Ndivyo Newton alivyoeleza mwaka 1687. Wazungu wao walitumia neno la Kilatini lenye maana ya uzito tu, na hapo naona Kiswahili kimewazidi.

Msuguano nao ni hivyo hivyo: nyuso mbili zinasuguana, hausuguliwi mmoja tu.

Ila uangalifu unahitajika kwenye "uzito". Dukani tunautaja kwa kilo, lakini kwenye fizikia hupimwa kwa nyutoni, kipimo cha kani, kwa sababu uzito wenyewe ni kani. Kinachopimwa kwa kilo huitwa tungamo, na mtihani hupenda sana kutegea hapo.